Kifaa kinagoma, draiva inalalamika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi kompyuta za Windows 10 na Windows 11, maana huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Linux inatajwa pale inaposaidia kupima. Kama una haraka, soma kwanza swali la pili kabla hujagusa chochote, kisha ruka hadi kwenye kifaa chako.

Draiva ni nini hasa?

Ni programu inayojua undani wa kifaa kimoja: amri zake, jinsi kinavyoamshwa, jinsi kinavyolazwa. Windows haijui kadi yako ya mtandao inaendeshwaje. Inapeleka ombi kwa draiva, na draiva ndiyo inayosema na kadi. Tangu enzi za Windows 95, kifaa kikichomekwa hujitambulisha chenyewe kwa namba, na mfumo hutafuta draiva inayoendana na namba hiyo. Karibu kila kosa utakaloliona limetokea katika mojawapo ya hatua tatu: kifaa hakikujitambulisha, au kilijitambulisha lakini draiva haikupatikana, au draiva ilipatikana ikashindwa kukiamsha. Sehemu kubwa ya ufundi huu ni kujua umekwama hatua ipi.

Nitajuaje kama kibovu ni kifaa chenyewe au ni draiva?

Wengi huanza kwa kupakua draiva, wakapoteza jioni nzima, halafu wakagundua kuwa waya ulikuwa umekatika ndani. Anza na vipimo visivyoihusu Windows yako kabisa.

Kwa vitu vya kuchomeka, hamishia kifaa kwenye kompyuta nyingine, na utumie waya uleule. Ukibadilisha waya na kompyuta kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta nafuu. Kikigoma huko pia, achana na habari ya draiva. Kikikubali, kifaa na waya ni vizima. Kilichobaki ni draiva au tundu la kompyuta yako.

Kwa vitu vya ndani, ingia kwenye BIOS, yaani programu iliyomo kwenye ubao mama inayoanza kabla ya Windows. BIOS haitumii draiva za Windows, kwa hiyo ni shahidi asiyependelea upande wowote. Diski isiyoonekana hapo haitarudishwa na draiva yoyote duniani. Kibodi ya laptop isiyoandika hata ndani ya BIOS ina tatizo la mwili, si la programu. Kibodi za bluetooth usizipime hivi, kwa kuwa nyingi hazisikiki huko hata zikiwa nzima.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, bila kuisakinisha kwenye diski. Wi-Fi ikifanya kazi huko, kadi ni nzima na mkosaji yuko ndani ya Windows. Isipofanya kazi, usitoe hukumu bado, kwani huenda Linux nayo imekosa draiva ya kadi hiyo. Fungua dirisha la amri, andika `lspci -k`, uone kama kadi imo kwenye orodha. Ikiwemo, hata bila draiva, ina uhai wa umeme. Isipokuwemo kabisa, na hukuwa umeizima kwenye BIOS, mambo si mazuri.

Angalia pia tabia ya kosa. Kosa la draiva lina msimamo: hutokea vilevile kila mara, au lilianza siku ileile sasisho lilipoingia. Kosa la mwili hubadilika. Kifaa hufanya kazi asubuhi kompyuta ikiwa baridi na kukata ikishapata moto. Hurudi ukisukuma plagi kidogo, hupotea ukiinua kifuniko cha laptop. Kwa upande wa historia, andika "reliability" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Utafunguliwa kalenda ya kila kilichosakinishwa na kila kilichoanguka. Wachache wanaijua, na mara nyingi jibu limeshaandikwa hapo.

Nimezima na kuwasha lakini hakuna kilichobadilika. Nifanyeje?

Huenda hukuizima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi huja zikiwa zimewezeshwa kuwaka haraka: ukichagua kuzima, Windows hufunga programu zako lakini kiini cha mfumo, pamoja na draiva zake, hukihifadhi kwenye diski na kukirudisha kilivyokuwa utakapowasha. Draiva iliyochanganyikiwa jana inarudi leo na mkanganyiko wake uleule. Ukichagua Restart, kila kitu huanza upya kweli. Kwa hiyo katika jambo hili Restart ina nguvu kuliko kuzima, ingawa wengi wetu tungedhani kinyume.

Ukitaka kuzima kabisa, shikilia kitufe cha Shift unapobofya Shut down. Kwa laptop ambayo kadi ya Wi-Fi au kamera imepotea ghafla, zima hivyo, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi. Umeme uliobaki kwenye saketi huisha na kifaa hulazimika kujitambulisha upya.

Kwenye Device Manager kuna alama ya mshangao ya njano. Nisome nini?

Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, kisha bofya mara mbili kifaa chenye alama. Chini ya "Device status" kuna maneno na namba. Namba hiyo ni kama homa: inasema kuna ugonjwa, mara nyingi bila kuutaja. Hata hivyo zipo zinazosema wazi.

Code 22 ni nyepesi kuliko zote: mtu amekizima kifaa. Bofya "Enable device" na umemaliza. Code 14 inataka Restart tu. Code 45 si kosa. Kifaa hakijachomekwa kwa sasa, na unakiona kwa sababu umeruhusu vifaa vilivyofichwa vionekane. Code 47 maana yake ulishaiambia Windows ikitoe kifaa kwa usalama. Kichomoe ukichomeke tena.

Code 28 inasema hakuna draiva iliyosakinishwa, na hii ni habari njema, maana kifaa kimeshajitambulisha na kinasubiri tu. Code 39 ni faili la draiva lililoharibika au lisilokuwepo. Hapo ondoa kifaa kwa "Uninstall device", weka tiki ya kufuta draiva yake pia, fanya Restart, kisha sakinisha upya. Code 52 ni saini ya kidijitali isiyothibitishwa. Inatajwa chini kwenye swali la skana ya zamani.

Code 10 na Code 31 ndizo zinazochosha. Ya kwanza inasema kifaa kimeshindwa kuanza, ya pili kwamba Windows imeshindwa kupakia draiva zinazohitajika. Zote mbili zinaweza kuletwa na draiva isiyo yake, chipu bandia, au kifaa kilichoungua. Rudi kwenye vipimo vya juu.

Code 12 inatokea zaidi kwa wanaoongeza kadi: kifaa kimekosa nafasi ya rasilimali kwa sababu kingine kimeishikilia. Zima kwenye BIOS usichokitumia, au hamishia kadi kwenye nafasi nyingine ya ubao mama.

Na Code 43?

Inastahili swali lake. Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu chenyewe kimeripoti kuwa kina tatizo. Kwa vifaa vya USB mara nyingi huambatana na jina "Unknown USB Device" na maneno "Device Descriptor Request Failed". Kompyuta ilihisi kitu kimechomekwa, ikakiuliza "wewe ni nani?", isipate jibu la maana. Hapo draiva bado haijaingia kwenye mazungumzo; itatafutwaje na jina halijulikani? Kupakua draiva ni kazi bure. Shuku waya, tundu, au kifaa chenyewe, kwa mpangilio huo.

Kwa kadi ya michoro, Code 43 inaweza kuwa draiva iliyovurugika. Ondoa draiva yote kwa programu iitwayo Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye Safe Mode (Windows ikiwashwa na draiva za msingi tu), kisha weka mpya. Alama ileile ikirudi na ukaona mistari au madoa ya rangi kwenye skrini hata kabla Windows haijawaka, kadi ndiyo inayokufa.

Kifaa kimeandikwa "Unknown device". Nitajuaje ni nini?

Kwenye sifa za kifaa nenda Details, kisha chagua "Hardware Ids". Utaona maandishi yenye VEN na DEV, au VID na PID kwa vitu vya USB. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji wa chipu, ya pili ni aina yake. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_10EC ni Realtek. VID_046D ni Logitech. Nakili mstari mzima uutafute mtandaoni, lakini utumie kujua jina la kifaa tu. Tovuti nyingi zitakazojitokeza zina hamu ya kukupa faili zao wenyewe.

Basi draiva nizipate wapi?

Kwa laptop, kwanza Windows Update, pamoja na sehemu yake ya masasisho ya hiari ambayo watu huipita bila kuiona. Pili, tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop, kwa kutumia namba kamili ya modeli iliyobandikwa chini yake. Tatu, mtengenezaji wa chipu. Kwa kompyuta ya mezani, tovuti ya ubao mama inachukua nafasi ya pili. Kwa kadi za michoro ninapindua mpangilio huo na kuanza na NVIDIA, AMD au Intel wenyewe, ila kwenye laptop za zamani ambako draiva ya kampuni ya laptop ilirekebishwa maalumu.

Zile programu zinazotangaza kuwa "draiva zako 27 zimepitwa na wakati" ziache. Draiva kuwa ya zamani si ugonjwa. Kifaa kinachofanya kazi na draiva ya miaka mitano iliyopita hakihitaji msaada wako, na kubahatisha namba za chipu ndiko kunakoleta Code 10 mahali palipokuwa na amani.

Tangu sasisho la juzi kifaa hakifanyi kazi. Narudije nyuma?

Kwenye Device Manager fungua kifaa, nenda Driver, bofya "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, Windows haina nakala ya zamani kwa njia hiyo. Jaribu "Update driver", kisha kuvinjari kompyuta, kisha kuchagua kutoka orodha ya draiva zilizopo. Mara nyingi ile ya zamani bado imo.

Kabla ya kufanya usakinishaji mkubwa, tengeneza folda, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike `pnputil /export-driver * D:\draiva`. Draiva zote zilizoongezwa kwenye kompyuta yako zitanakiliwa humo. Siku ukisakinisha Windows upya utafurahi.

Wi-Fi imepotea, na draiva yake iko kwenye intaneti. Sasa?

Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows huitambua simu kama kadi ya mtandao bila kuomba draiva ya ziada. Pakua unachohitaji, chomoa.

Vitu vya USB vinakatika na kurudi vyenyewe. Draiva?

Mara chache. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya nje na kamera vikichomekwa pamoja kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake, vitagombania kiasi hicho kidogo, na diski inapoanza kuzunguka kila kitu huanguka. Chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa waya mfupi. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, ambayo yako juu ya ubao mama wenyewe.

Jaribu pia kuizuia Windows isilaze matundu. Kwenye Device Manager fungua kila "USB Root Hub", nenda Power Management, ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Na kama simu inachaji tu bila kuonekana kwenye kompyuta, kuna uwezekano mkubwa waya wako ni wa kuchajia peke yake. Ndani yake hamna nyuzi za data.

Waya wangu wa USB kwenda serial ulifanya kazi miaka mingi, leo unaleta Code 10. Umeungua?

Pengine ni mzima kabisa. Hapa tunaingia kwenye siasa za chipu. Draiva mpya za Prolific, kampuni inayotengeneza chipu za waya hizi, hukataa chipu zake za PL2303 za matoleo ya zamani, na Device Manager huandika waziwazi kuwa PL2303HXA iliachwa tangu 2012 na kwamba uwasiliane na aliyekuuzia. Chipu bandia nazo hunaswa kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2014 FTDI, kampuni nyingine ya chipu hizi, walikwenda mbali zaidi: draiva yao iliyosambazwa kupitia Windows Update ilibadilisha PID ya chipu za kughushi kuwa 0000, na vifaa vya watu wasio na hatia vikaacha kutambulika. Walilalamikiwa sana, wakaiondoa.

Ukiwa na draiva ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi, irudishe kwa mkono na uzuie Windows isiibadilishe. Ukiwa huna, nunua waya wenye chipu nyingine. Kupigana na hili kwa wiki nzima hakulipi.

Draiva ya sauti haina kosa lolote, lakini kimya.

Angalia sauti inatokea wapi. Windows hupenda kuipeleka kwenye skrini iliyounganishwa kwa HDMI hata kama haina spika. Bofya alama ya spika karibu na saa, uchague kifaa sahihi.

Printa imeganda, kila ninachotuma kinabaki kwenye foleni.

Fungua Services, simamisha "Print Spooler", futa kilichomo ndani ya folda ya `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`, kisha uiwashe tena huduma hiyo. Folda yenyewe usiifute.

Skrini ya bluu inatokea. Nitaanzia wapi?

Anza na jina la kosa lililo chini ya maandishi, na jina la faili kama lipo. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL ni draiva iliyogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na mara nyingi faili lake hutajwa, lenye mwisho wa `.sys`. Litafute jina hilo ujue ni la kifaa gani. VIDEO_TDR_FAILURE inahusu kadi ya michoro: ilipewa kazi, ikakaa zaidi ya sekunde 2 bila kujibu, na jaribio la kuiamsha likashindwa. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni ya aina nyingine kabisa, kwa kuwa hapo kichakataji au sehemu inayokizunguka imeripoti kosa la mwili. Kagua joto, ugavi wa umeme, na mipangilio yoyote ya kuongeza kasi uliyoiweka. MEMORY_MANAGEMENT inakutaka upime RAM. Andika `mdsched` uanze na kipimo cha Windows, au tumia MemTest86 usiku kucha.

Majina yakibadilikabadilika kila siku bila mpangilio, mimi hushuku RAM kabla ya draiva yoyote.

Ukubwa wa madhara hausemi chochote kuhusu ukubwa wa kosa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliisomesha draiva yake faili lenye kasoro, na Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Vifaa vyenyewe vilikuwa vizima. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, na huko ikianguka moja inaanguka kompyuta nzima. Dawa ilikuwa kuingia kwenye Safe Mode na kufuta faili lile, kompyuta moja baada ya nyingine. Njia hiyohiyo itakusaidia nyumbani: Safe Mode hupakia draiva za msingi tu, kwa hiyo kompyuta ikitulia humo, mkosaji yuko kati ya zile zilizoachwa nje.

Nasakinisha Windows, lakini diski haionekani kwenye orodha. BIOS inaiona.

Kwenye laptop nyingi zenye vichakataji vya Intel kuanzia kizazi cha 11, diski imewekwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na kisakinishi hakina draiva yake. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka tovuti ya laptop yako, ifungue iwe mafaili yenye mwisho wa `.inf`, iweke kwenye flashi, kisha bofya "Load driver". Unaweza pia kuzima VMD kwenye BIOS, lakini usifanye hivyo kwenye Windows iliyokwisha kusakinishwa nayo ikiwa imewashwa, maana itakataa kuwaka.

Skana yangu ni ya zamani na Windows 11 inaikataa. Kuna njia?

Inategemea. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, na draiva ya biti 32 haiingii kwenye kiini chake hata kwa maombi. Kama draiva ya biti 64 ipo lakini inakataliwa, sababu ni saini, au ni "Memory integrity", ulinzi unaopatikana kwenye Windows Security chini ya Device security, ambao huorodhesha draiva usizoelewana nazo. Kuuzima kunawezekana. Mimi nisingeuzima kwenye kompyuta ninayofanyia mambo ya benki kwa ajili ya skana. Kwenye Linux skana nyingi za zamani bado zinatumika kupitia SANE, mfumo wake wa kuendesha skana, na kompyuta chakavu iliyolala kabatini inatosha kwa kazi hiyo.

Fundi ameniambia nifomati. Kweli?

Muulize amepima nini. Kama kifaa kinagoma hata kwenye BIOS au kwenye flashi ya Linux, kufomati hakutabadilisha kitu. Kabla ya kufika huko, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikimaliza andika `sfc /scannow`. Amri hizi hurekebisha mafaili ya Windows yenyewe. Draiva za watengenezaji wengine hazizigusi.

Kusasisha BIOS kunasaidia?

Wakati mwingine, hasa kwa RAM au kichakataji kipya ambacho ubao mama haukijui. Soma maelezo ya toleo. Tatizo lako likitajwa humo, endelea, laptop ikiwa kwenye chaja na betri imejaa. Lisipotajwa, liache. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na ubao usiowaka.

Diski inafanya kazi, ila inaganda mara kwa mara na kutoa sauti ya kugonga. Nitafute draiva gani?

Usitafute draiva. Nakili mafaili yako sasa hivi, ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena, kabla ya kufanya kipimo chochote. `chkdsk`, amri ya kukagua diski, nayo isubiri, kwani huifanyisha diski kazi kubwa wakati ambapo huenda ina saa chache za uhai. Ukishanakili, fungua programu ya CrystalDiskInfo uone hali yake ya SMART, yaani ripoti ya diski kuhusu afya yake, na hata ikisema "Good", diski inayogonga ibadilishe.